Sauti haijafika, au maneno hayajashikika? Uzi wa Kiingereza cha kusikia na kutosikia

Kalamu Nyekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nafundisha Kiingereza watu wazima, na wengi wao wanakihitaji kazini: kwenye simu, kwenye mikutano ya mtandaoni, kwenye usaili. Kuna jambo linaniuma kwa sababu linawashusha watu wenye uwezo mzuri tu. Mtu yuko mkutanoni, spika inakwaruza, sentensi ya mwenzake inakatika katikati, naye anajibu "I don't understand." Aliye upande wa pili hapandishi sauti wala hasogei karibu na maikrofoni. Anaanza kueleza upya, polepole, kwa maneno mepesi, kana kwamba anaongea na mtu asiyejua kazi yake. Shida ilikuwa ya sauti, sasa imehesabiwa kuwa ya akili.

Chanzo nakiona kwenye lugha yetu wenyewe. "Kusikia" kwetu kuna mzigo mkubwa. Tunasikia sauti, tunasikia baridi, tunasikia njaa, na mtoto akionywa anaulizwa "umesikia?" kwa maana ya umeelewa na utatii? Mtu akisema "sijasikia" tunamtazama usoni tunajua ni ipi. Kiingereza nacho zamani kilikuwa na tabia hiyo: kitenzi cha Kiingereza cha Kale kilichozaa "hear" kilibeba pia maana ya kutii, na hata "obey" ina mzizi wa Kilatini unaohusu kusikia. Ila Kiingereza cha leo kimezigawa kazi hizo, na mtu wa upande wa pili anategemea neno lako limwambie akusaidie vipi.

Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, jiulize kilichokwama ni nini.

Kama sauti haifiki, au inafika kwa mbali mno, sema "I can't hear you." Atapandisha sauti au atakagua maikrofoni yake. Ukitaka kumwomba waziwazi aongeze sauti, "Could you speak up, please?" inatosha. Kama sauti inafika ikikatikakatika kwa ajili ya mtandao, "You're breaking up" au "You're cutting out." Kama unamwona midomo inachezacheza na hakuna kitu, huenda amezima maikrofoni: "You're on mute."

Kama sauti umeipata vizuri ila maneno yamekupita, hapo "hear" si neno lako tena. Sema "Sorry, I didn't catch that." Kitenzi "catch" ni kudaka. Mpira umerushwa, umeuona, haukutua mkononi. Ukiongeza kipande, inakuwa bora zaidi: "I didn't catch the last part", "I didn't catch your name." Na kama unajitahidi kuchambua maneno ndani ya kelele au lafudhi ngeni bila mafanikio, kuna "make out": "I can't make out what she's saying." Maana yake sauti ipo, nami nimetega sikio, ila siwezi kuitenganisha ikawa maneno.

Kama maneno yote umeyapata, moja baada ya jingine, ila hujui yana maana gani, hapo ndipo "I don't understand" inapopata haki yake. Au "I'm not sure what you mean", ambayo kwa maoni yangu ni nzuri zaidi, kwa sababu inamwomba mwenzako afafanue bila wewe kujitangaza kuwa umeshindwa.

Halafu kuna hili ambalo naomba mlishike sana: "Sorry, I didn't listen." Wanafunzi wangu wengi hulitumia wakimaanisha sauti haikuwafikia. Msemaji wa Kiingereza anasikia kitu kingine kabisa, kwamba ulikuwa na nafasi ya kusikiliza ukaamua kutofanya hivyo. "Listen" ni kutega sikio kwa hiari. Ukisema hukutega, umekiri kosa ambalo hukulifanya, tena mbele ya bosi.

Karibuni tuchangie. Maswali ruksa, na mwenye hali aliyowahi kukutana nayo kazini ailete.

---

Laini ya Tatu

Asante mkuu, uzi umekuja wakati mwafaka. Nipo kitengo cha huduma kwa wateja, napokea simu kwa Kiingereza kutwa nzima. Nina maswali mawili.

La kwanza, kwa nini "can't hear" na siyo "don't hear"? Shuleni tulifundishwa wakati uliopo ni "I don't hear".

La pili, kuna "Pardon", "Sorry", "Excuse me", "Come again", "What". Ipi salama kwa mteja?

---

Kalamu Nyekundu

@Laini ya Tatu karibu sana dada/kaka.

Vitenzi vya hisi katika Kiingereza, yaani kusikia, kuona, kunusa, kuonja, vina desturi yake. Kwa kinachoendelea sasa hivi, "can" ndiyo ya kawaida: "I can hear music", "I can smell smoke." Hapo "can" haizungumzii kipaji, inasema tu kwamba muda huu sauti inanifikia. Ndiyo maana "I hear you" bila "can" imepata kazi nyingine. Mtu akikueleza malalamiko yake nawe ukamjibu "I hear you", unamwambia hoja yako nimeipokea na nakuheshimu. Na "I hear you're moving" ni kusema nimepata habari kwamba unahama. Ukiwa kwenye laini mbovu ukasema "I don't hear you", ataelewa, ila sentensi imepinda kidogo.

Wakati uliopita una tofauti nzuri inayokufaa kazini. "I didn't hear you" inasema tu kwamba sauti ilinipita. "I couldn't hear you" inasema nilijaribu, kitu kikanizuia: kelele, laini, umbali. Kwa mteja tumia ya pili. Inabeba juhudi ndani yake bila wewe kujitetea. Ongeza sababu ikibidi: "I'm sorry, I couldn't hear you over the noise." Hiyo "over" ni muhimu, ni sauti kujaribu kupita juu ya sauti nyingine.

Kuna jambo la ziada kwa wanaopenda sarufi. Mlifundishwa kwamba tukio moja lililofanikiwa zamani halichukui "could", linachukua "was able to" au "managed to". Ni kweli, lakini vitenzi vya hisi vimesamehewa sheria hiyo. "I could hear someone crying" ni sahihi hata kama ilitokea mara moja tu usiku huo.

Swali la pili. "Sorry?" kwa sauti ya kupanda ndiyo inayotumika sana Uingereza. "Pardon?" ni ya heshima. "Excuse me?" Wamarekani wanaitumia sana, lakini angalia mlio wa sauti yako, ukiikaza inageuka kuwa "unasemaje wewe?" ya mtu aliyekasirika. "Come again?" ni ya marafiki. "What?" iache nyumbani. Kwa simu ya kazi, mimi ningekaa na sentensi nzima: "I'm sorry, could you say that again, please?"

---

Mzee wa Hoja

Nina mtazamo tofauti kidogo, mwalimu. Naona tunawabebesha watu mzigo. Wenye lugha yao wenyewe wanasema "What?" na "Huh?" siku nzima na maisha yanaenda. Lugha ni kuelewana. Ukimwambia mtu "I don't understand" mara mbili tatu, atajua tu kuwa laini ni mbovu. Kuna haja gani ya kumpa mwanafunzi maneno kumi ya kitu kimoja?

---

Kalamu Nyekundu

@Mzee wa Hoja shikamoo mzee, na asante kwa hoja.

Wenye lugha wanasema "Huh?" kwa sababu hakuna anayetilia shaka Kiingereza chao. Wakisema hivyo, aliye upande wa pili anadhani moja kwa moja ni kelele. Mgeni wa lugha akisema "Huh?" ileile, anadhaniwa hajui lugha. Si haki, lakini ndivyo ilivyo, na mwanafunzi wangu ndiye anayelipa gharama. Maneno haya mimi nayahesabu kama kinga kwake.

Halafu si maneno kumi ya kitu kimoja. "Can't hear" inaomba sauti iongezwe, "didn't catch" inaomba marudio, "don't understand" inaomba maelezo. Ni maombi matatu tofauti, na ukiomba lisilo lako utapewa lisilo lako. Hizo mara mbili tatu unazosema mzee ndizo ninazotaka tuzifute, kwa sababu kwenye usaili huwa hazipo.

---

Rubani Mtarajiwa

Naunga mkono mwalimu, na niongeze la upande wetu wa anga, maana kwetu jambo hili limegharimu maisha.

Kwenye redio ya ndege huwezi kuuliza "can you hear me?" ukajibiwa "ndiyo kidogo". Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, limeweka sentensi maalumu: "How do you read?" Kitenzi ni kusoma, ila maana ni unanisikiaje. Jibu ni namba. 1 ni kwamba hausomeki kabisa, 2 unasomeka mara moja moja, 3 unasomeka kwa shida, 4 unasomeka, 5 unasomeka vizuri kabisa. Unasema "Reading you three", na mnara wa kuongozea ndege unajua hali yako ndani ya sekunde moja.

Tukitaka kurudiwa tunasema "Say again." Ukikosa kipande unataja kipande: "Say again all after…" kisha neno la mwisho ulilolipata. Hatusemi "Repeat" kwa maana hiyo. Kwenye redio za mizinga jeshini, "repeat" ni amri ya kupiga tena palepale. Na "Roger" maana yake nimepokea ujumbe wako wote. Siyo ndiyo, siyo nakubali, siyo nitafanya. Kwa nitafanya kuna "Wilco".

Kwa nini ukali wote huo? Someni ajali ya Tenerife, kisiwa cha Uhispania, ya tarehe 27 Machi 1977. Ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana kwenye njia moja ya kurukia, kwenye ukungu mzito. Walikufa watu 583. Ndege ya KLM ilikuwa inaanza kukimbia bila kibali cha kuruka. Mnara ukasema subiri, na Pan Am wakasema bado tuko kwenye njia ya kurukia, lakini sauti hizo mbili zilirushwa kwa wakati mmoja kwenye masafa yaleyale, zikagongana, na ndani ya chumba cha marubani wa KLM ukasikika mlio mkali juu ya maneno yaliyowahusu kuliko yote. Kulikuwa na sababu nyingine pia, ikiwemo lugha isiyo ya kawaida ya rubani msaidizi aliposema wako "at take-off". Baada ya hapo utaratibu ulikazwa: neno "take-off" linatumika pale tu kibali cha kuruka kinapotolewa au kufutwa. Kwingine kote unasema "departure".

Mzee wa Hoja, kwa heshima, pale hapakuwa na nafasi ya kuuliza mara mbili tatu.

---

Mzee wa Hoja

Marahaba mwalimu. Kijana wa anga, nimekuelewa. Hilo la redio nalikubali bila masharti. Kwa mazungumzo ya kawaida bado naona hali ya mazungumzo inasaidia, lakini hoja ya usaili imenigusa.

---

Mwandika Kumbukumbu

Mimi kazi yangu ni kusikiliza rekodi za mikutano na kuziandika. Naomba kufahamishwa kuhusu "inaudible", maana naiweka kila ninapokwama na mkubwa wangu analalamika kuwa ni nyingi mno. Pia nisaidieni tofauti ya "unheard" na "unheard-of", na "overhear" na "eavesdrop".

---

Kalamu Nyekundu

@Mwandika Kumbukumbu, "audible" ni kinachosikika na "inaudible" ni kisichosikika, kwa mtu yeyote mwenye masikio mazima. Ni sifa ya sauti, msikilizaji hahusiki. Ndiyo maana si sahihi kusema "I was inaudible" ukimaanisha hukusikia. Ukisema hivyo, umesema sauti yako wewe ndiyo haikusikika.

Kwenye kazi yako, nakushauri uitumie pale tu sauti yenyewe ilipopotea. Kama unasikia maneno ila huyatambui, waandishi wengi wa rekodi huweka "unclear" au "indistinct". Mkubwa wako ataona mara moja wapi kifaa kilikufa na wapi panahitaji mtu mwingine asikilize. Kama watu wawili waliongea kwa pamoja, ni "crosstalk". Na ukitaka kueleza sauti ilikuwaje, "faint" ni hafifu, inatoka mbali au imeishiwa nguvu, na "muffled" ni iliyozibwa, kama mtu aliyefunika mdomo kwa kitambaa. Iliyomezwa na kelele kubwa zaidi imekuwa "drowned out". "Her answer was drowned out by applause." Naipenda sana hiyo, kwa sababu inaeleza kuwa alijibu, na jibu lilikuwepo.

"Unheard" ni ambalo halikusikika au halikusikilizwa: "Her complaint went unheard." "Unheard-of" ni jambo ambalo halijawahi kutokea. Usiyachanganye kwenye kumbukumbu za mkutano, malalamiko ya mtu yatageuka kioja.

"Overhear" ni maneno kukufikia bila kuyatafuta. "Eavesdrop" ni kuyatafuta kwa siri. Hilo la pili lina asili ya kupendeza: linatokana na eneo chini ya ukingo wa paa, pale maji ya mvua yanapodondokea. Mtu aliyesimama hapo karibu na ukuta angeweza kusikia ya ndani. Na "mishear" ni kusikia kitu tofauti na kilichosemwa. "I misheard you" ni njia ya heshima ya kurekebisha mambo, kwa sababu humlaumu msemaji.

Kwa umbali tumia "earshot". "Wait until they're out of earshot" ni subiri wafike mahali ambapo sauti haiwafikii. "Within earshot" ni kinyume chake.

---

Nuru ya Asubuhi

Nimesoma wote, sasa niseme langu. Mimi sisikii vizuri. Sikio moja halina kitu, la pili navaa kifaa. Katika uzi mzima mmezungumzia laini, maikrofoni na ukungu, kama vile masikio ya kila mtu ni sawa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu zaidi ya milioni 430 wana upotevu wa kusikia unaohitaji huduma. Tuko wengi kwenye hiyo mikutano yenu.

Kwa Kiingereza najieleza hivi: "I'm hard of hearing." Ndilo neno ambalo wengi wetu wenye usikivu mdogo tunalikubali. "Deaf" ni kiziwi, na wengi wanaotumia lugha ya alama na kuishi katika jamii ya viziwi huliandika kwa herufi kubwa mwanzoni, kwa sababu kwao ni utambulisho wa jamii na lugha yao. Aliyekuwa anasikia akapoteza usikivu ukubwani wengine humwita "deafened". "Hearing-impaired" mtaikuta kwenye fomu nyingi, lakini wengi wetu hatuipendi, inatufanya tuonekane vitu vilivyoharibika. Na ile ya zamani, "deaf and dumb", naomba msiifundishe mtu yeyote. Ni tusi.

Tofauti ya sauti na maneno aliyoisema mwalimu, mimi naiishi. Upotevu wa namna yangu huanza na sauti nyembamba, na huko ndiko ziliko konsonanti kama s, f na th. Irabu zinabaki. Kwa hiyo nasikia kwamba unaongea, nasikia hata kama umekasirika, ila neno "fit" na neno "sit" kwangu ni kitu kimoja. Ukinipigia kelele hunisaidii. Unaongeza irabu ambazo tayari ninazo. "Speak up" siyo ombi langu. Ombi langu ni "Could you face me when you speak?" au "Could you say it another way?", kwa sababu neno jingine lenye maana ileile huenda nikalipata.

Na kuna sentensi moja ambayo sipendi kuisikia katika lugha yoyote: "Never mind, it's not important." Mtu ameshindwa kurudia mara ya pili, anaamua kwa niaba yangu kuwa sikuhitaji kujua.

---

Kalamu Nyekundu

@Nuru ya Asubuhi, asante kutoka moyoni. Hilo la kusema kwa maneno mengine nitalipeleka darasani, kwa jina la "rephrase". Na nitaongeza kwamba "turn a deaf ear" na "fall on deaf ears" zimejaa magazetini, ya kwanza ikiwa kukataa kusikiliza na ya pili ombi kutopata wa kulijali. Wanafunzi wazijue wanaposoma. Kuzitumia ni jambo jingine, maana zinaufananisha uziwi na kutojali, na wapo viziwi zinaowaumiza. "They ignored her" inafanya kazi ileile.

---

Laini ya Tatu

Mwalimu, nimetumia "I didn't catch that" leo, imefanya kazi vizuri. Ila kuna mteja nilimwambia mara mbili na bado sikupata. Mara ya tatu niliona aibu, nikasema "okay" tu. Ningefanyaje?

---

Kalamu Nyekundu

Hiyo "okay" ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu yeye anaondoka akijua umepata.

Mara ya tatu usiombe tena arudie yote. Mrudishie ulichokipata, uache pengo mahali ulipokosa, na sauti yako ipande kwenye pengo. Kama amesema anataka kubadilisha kitu kwenye akaunti yake na hukusikia nini: "You'd like to change your what, sorry?" Kama umekosa siku: "It arrived on…?" Atajaza neno moja tu, na neno moja husemwa kwa uwazi kuliko sentensi nzima. Pia anaona kuwa mengine yote uliyashika. Rubani wetu hapo juu amekwisha kutuonyesha mtindo huohuo aliposema "say again all after".

Kwa majina na namba usisubiri hata mara ya pili. Omba herufi: "Could you spell that for me?" Kisha umsomee ulichoandika: "Let me read that back to you." 15 na 50 kwa Kiingereza zinafanana mno kwenye simu, tofauti ni mkazo na "n" ya mwisho, na "n" ndiyo inayomezwa kwanza. Uliza tarakimu moja moja: "Is that one-five or five-zero?"

---

Nuru ya Asubuhi

Hiyo "one-five or five-zero" naichukua. Kesho nina simu ya benki.